Somo la Wiki: Kiwanja cha Kariakoo husomwa kwanza, hununuliwa baadaye

Katika soko la majengo la Dar es Salaam, Kariakoo ni eneo dogo lenye uzito mkubwa. Ni mitaa iliyonyooka, yenye msongamano wa watu, mikokoteni na mabasi, ambamo wafanyabiashara kutoka mikoa yote ya Tanzania hukutana na wenzao wa Zambia, Malawi, Kongo, Burundi, Rwanda, Uganda na Komoro. Fremu ikiachwa wazi asubuhi, jioni dalali ameshapata mtu. Nyumba ya zamani ya bati ikitajwa kuuzwa, wanunuzi hawaulizi vyumba vingapi vimo. Wanauliza kiwanja.

Swali hilo ni sahihi lakini halitoshi. Wawekezaji wadogo wengi waliopoteza fedha katika eneo la aina hii hawakudanganywa bei. Walilipa bei ya haki kwa mtu asiyekuwa na haki ya kuuza, au walilipa kilemba kwa mtu ambaye pango lake lilikuwa linakaribia kwisha. Somo la wiki hii ni kwamba bei ya Kariakoo inatokana na nani aliruhusiwa kukishika kiwanja, kwa karatasi gani, na pamoja na nani. Majibu yake yamo katika historia ya mtaa wenyewe.

SHAMBA LA MINAZI LILILOGEUKA MTAA

Dar es Salaam ilianzishwa na Sultani Majid wa Zanzibar katika miaka ya 1860. Wajerumani walihamishia hapo makao makuu yao kutoka Bagamoyo mwaka 1891, wakaanza kuupanga mji kwa kanuni za ujenzi. Kanuni hizo zilitaja aina ya nyumba iliyoruhusiwa kila upande. Kwa kuwa aina ya nyumba ilikwenda na fedha, na fedha wakati wa ukoloni zilikwenda na rangi ya mtu, matokeo yakawa Uzunguni, Uhindini na Uswahilini.

Muda mfupi kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, serikali ya Kijerumani ilinunua shamba la minazi la Mjerumani aliyeitwa Schöller, magharibi ya mji, kwa nia ya kuwahamishia Waafrika huko. Vita vikakatiza mpango. Waingereza waliuteka mji Septemba 1916, na eneo hilo likawa kambi ya wapagazi wa jeshi lao, waliokuwa katika kikosi kilichoitwa Carrier Corps. Maelfu kwa maelfu ya wapagazi hao walikufa kwa maradhi na njaa katika vita vile. Jina la kikosi chao ndilo lililogeuka katika vinywa vya watu likawa Kariakoo.

Baada ya vita Waingereza waliendeleza mpango ule ule. Viwanja vidogo vinavyolingana vilipimwa kwa mistari, vikagawiwa kwa Waafrika, na kati ya Kariakoo na Uhindini ukaachwa uwanja wa wazi wa Mnazi Mmoja ili kutenga pande mbili hizo.

Mambo mawili ya wakati huo bado yanaonekana katika bei za leo. La kwanza ni kwamba viwanja ni vidogo na mitaa ni mingi, hivyo karibu kila kiwanja kinatazama njia ya wapita kwa miguu, na cha kona kinatazama njia mbili. Mpango uliokusudiwa kwa makazi ya watu wa kipato cha chini ukawa, bila kukusudiwa, mpango mzuri kuliko yote kwa maduka. La pili ni kwamba umiliki waliopewa Waafrika ulikuwa wa muda mfupi, wa kulipia kodi ya kiwanja kila mwaka. Karatasi ya namna hiyo ilikuwa vigumu kuiweka rehani benki. Aidha, sheria za kikoloni zilibana mikopo ya wafanyabiashara kwa Waafrika. Kwa hiyo tangu mwanzo mtaji wa Kariakoo haukutoka benki.

NYUMBA YA VYUMBA SITA

Mtaji huo ulitoka katika nyumba yenyewe. Nyumba ya Kiswahili ya Dar es Salaam ina ukumbi mrefu katikati, vyumba vitatu kila upande, baraza mbele, na uani nyuma penye jiko, choo na bafu. Zilianza kwa fito na udongo na kuezekwa makuti, baadaye mabati ya madebe yaliyokunjuliwa, na mwisho saruji na mabati ya kiwandani.

Mwenye nyumba alikaa chumba kimoja au viwili na kupangisha vilivyobaki. Kodi ya vyumba ililipa kodi ya kiwanja, ikatengeneza paa, ikasomesha watoto na kumtunza mwenye nyumba uzeeni. Wanawake wengi walikuwa miongoni mwa wenye nyumba hizo, kwa sababu nyumba ilikuwa kitega uchumi ambacho mwanamke wa mjini angeweza kukisimamia mwenyewe bila ajira ya serikali wala leseni kubwa ya biashara.

Mfanyabiashara azingatie jambo moja hapa. Nyumba ya Kariakoo haikuwa makazi tu yaliyogeuzwa biashara wakati wa ghorofa. Ilikuwa biashara ya pango tangu siku ya kwanza. Mpangaji, mwenye nyumba na ndugu walikuwa chini ya paa moja, na makubaliano yao yalikuwa ya mdomo, mbele ya jirani au mzee wa mtaa. Ushahidi wa mzee wa mtaa ulitosha wakati nyumba ilikuwa ya udongo. Hautoshi tena pale kiwanja kinapotakiwa na mtu mwenye mamilioni.

TAASISI ZILIZOSHIKA MTAA

Historia inaonyesha kuwa walioweza kutunza mali kwa vizazi vingi katika mitaa hii ni wale walioishika kwa jina la taasisi yenye daftari.

African Association ilianzishwa Dar es Salaam mwaka 1929. Wanachama wake walijenga ofisi yao New Street, Kariakoo, kwa michango na kwa nguvu zao wenyewe, mwanzoni mwa miaka ya 1930. Katika jengo hilo ndimo ilimozaliwa TANU, Julai 7, 1954. Mtaa huo sasa ni Lumumba, na chama kilichotokana na TANU bado kina ofisi hapo. Michango ya makarani, mafundi na wafanyabiashara wadogo ilinunua mahali ambapo hapajapotea.

Vilabu vya mpira vilifuata njia hiyo. Yanga, iliyoanzishwa mwaka 1935, hujulikana kwa jina la Jangwani, na Simba, iliyoanzishwa mwaka 1936, hujulikana kwa jina la Msimbazi. Mashabiki wa mikoani ambao hawajafika Dar es Salaam wanajua mitaa hiyo kwa sababu ya majengo ya vilabu. Misikiti nayo ilipata nyumba za wakfu. Kwa sheria ya Kiislamu mali ya wakfu haiuzwi, hairithiwi wala haitolewi zawadi. Pato lake ndilo linalotumika kwa kazi iliyokusudiwa na aliyeiweka.

Upande wa pili wa mji kuna mfano mwingine. Waismailia, baada ya sherehe za Almasi za Aga Khan mwaka 1946, walikuwa na taasisi zao za fedha za kukopesha wanajumuiya, na vyama vya ushirika wa nyumba vilivyojenga Upanga katika miaka ya 1950. Watu wa kipato cha kati walipata nyumba bora kwa sababu jumuiya ilikusanya akiba, ikaweka vitabu, ikakopesha kwa masharti yanayojulikana.

Kariakoo haikukosa watu wenye bidii ya kuweka akiba. Ilikosa chombo cha kuikusanya akiba hiyo kuwa mtaji wa kujengea. Kila mwenye nyumba alijenga peke yake, tofali kwa tofali, na alipofariki nyumba ilibaki kwa warithi bila katiba, bila mhasibu na mara nyingi bila karatasi. Waswahili husema, mali bila daftari hupotea bila habari.

KWA NINI KARIAKOO HAIKUTAIFISHWA

Baada ya Uhuru ardhi yote ilibaki mali ya umma. Umiliki wa kudumu ulifutwa mwaka 1963 na kugeuzwa pango la serikali, kisha hati ya kumiliki ardhi kwa muda. Azimio la Arusha la mwaka 1967 liliwakataza viongozi kuwa na nyumba za kupangisha. Aprili 1971 ikaja sheria ya kutwaa majengo: jengo lenye thamani ya kuanzia sh. 100,000 ambalo mwenyewe hakulikalia lote lingeweza kuchukuliwa na Serikali. Majengo yaliyokuwa na umri wa zaidi ya miaka 10 hayakulipwa fidia. Yaliyochukuliwa yaliwekwa chini ya Msajili wa Majumba, ambaye mwaka 1990 shughuli zake ziliunganishwa na Shirika la Nyumba la Taifa, lililoanzishwa mwaka 1962.

Pigo hilo liliangukia zaidi Uhindini na katikati ya mji, kwenye ghorofa. Nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita kwa kawaida haikufikia sh. 100,000, hivyo nyingi za Kariakoo zilibaki mikononi mwa familia. Hapa ndipo soko la leo lilipoanzia. Katikati ya mji mwenye nyumba akawa shirika la umma, lenye kodi zilizodhibitiwa na wapangaji wasioondoka. Kariakoo, umbali wa kutembea kwa miguu, mwenye nyumba alibaki mtu binafsi ambaye mfanyabiashara angeweza kukaa naye barazani wakapatana.

Katika miaka hiyo Serikali nayo iliongeza thamani ya eneo bila kukusudia kupandisha bei ya viwanja. Soko kuu jipya, lililosanifiwa na Beda Amuli, mmoja wa wasanifu majengo wa kwanza Waafrika katika Afrika Mashariki, lilifunguliwa mwaka 1975 chini ya shirika lake lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1974. Wakulima na wachuuzi wa nchi nzima wakapata sababu ya kufika Kariakoo.

RUKSA NA GHOROFA

Mwaka 1984 Serikali ilianza kuwaruhusu watu binafsi kuagiza bidhaa kwa fedha zao za kigeni. Chini ya Rais Ali Hassan Mwinyi, kuanzia 1985, mlango ulifunguka zaidi. Mitumba, vitenge, redio na vipuri vilihitaji mahali pa kushushwa, kuhifadhiwa na kuuzwa kwa jumla. Barabara ya kwenda bandarini ilikuwa karibu, soko lilikuwepo, na viwanja vilikuwa vya watu binafsi. Vyumba vya mbele vikatobolewa milango ya duka. Azimio la Zanzibar la mwaka 1991 likawaruhusu wanachama na viongozi wa CCM kuwa na nyumba za kupangisha, na fedha zaidi zikaingia katika majengo.

Sheria zilifuata soko. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, iliyoanza kutumika Mei 2001, iliweka taratibu mpya za hati, rehani na uuzaji. Sheria ya kudhibiti kodi za nyumba ya mwaka 1984 ilifutwa mwaka 2005. Mwaka 2008 ikatungwa sheria inayomwezesha mtu kuwa na hati ya sehemu ya jengo, yaani ghorofa moja au chumba kimoja, na inayowataka wamiliki wa jengo moja kuwa na chama cha kusimamia ngazi, paa, maji na mambo mengine ya pamoja.

Hata hivyo, benki haikuwa mjenzi mkuu. Benki ya Nyumba Tanzania, iliyoundwa mwanzoni mwa miaka ya 1970, ilifungwa mwaka 1995. Mikopo ya nyumba ya muda mrefu ilirudi polepole baada ya sheria ya mwaka 2008 na kuundwa kwa kampuni ya kuzipatia benki fedha za mikopo hiyo mwaka 2010, lakini kwa miaka mingi jumla yake ilibaki chini ya asilimia 1 ya pato la taifa. Ghorofa nyingi za Kariakoo zilijengwa kwa faida ya biashara, kwa kodi za wapangaji zilizolipwa kabla, na kwa ubia kati ya familia zenye kiwanja na wafanyabiashara wenye fedha.

Ubia huo unahitaji kufanyiwa hesabu. Mifano mitatu inayofuata ni ya kufundishia tu, si bei za soko.

HESABU YA KWANZA: NYUMBA YA URITHI

Mzee Mwislamu amefariki na kuacha mke mmoja, watoto wa kiume wawili na wa kike watatu. Mke anapata thumni, yaani sehemu 1 katika 8. Sehemu 7 zilizobaki ni za watoto, wa kiume 2 kila mmoja na wa kike 1 kila mmoja.

Nyumba inaingiza pango la sh. milioni 3 kwa mwezi, au milioni 36 kwa mwaka. Binti mmoja anapata sh. milioni 4.5 kwa mwaka. Anakuja mnunuzi na sh. milioni 800. Mama atapata milioni 100, kila kijana milioni 200, kila binti milioni 100. Binti akiweka milioni 100 mahali panapolipa asilimia 10 kwa mwaka, anapata milioni 10, zaidi ya maradufu ya pango.

Ndiyo maana nyumba za urithi huuzwa hata pale familia inapoipenda nyumba. Lakini mama, ambaye alikuwa akiishi hapo bila kulipa, naye anapokea milioni 100 tu na kwenda kutafuta makazi pembeni ya mji. Ikiwa mmoja wa warithi sita hakukubali, au yuko ng'ambo na hakuulizwa, mnunuzi amenunua kesi. Msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama si mwenye mali. Kazi yake ni kukusanya, kulipa madeni na kugawa. Sahihi yake ina nguvu pale tu anapofanya hivyo kwa haki ya warithi wote.

HESABU YA PILI: UBIA WA GHOROFA

Familia ile ile inakataa kuuza na kuingia ubia. Mwekezaji atajenga jengo la sakafu tano. Anasema kwa ukarimu kwamba familia itachukua sakafu tatu za juu, yeye mbili za chini. Sakafu tatu kati ya tano ni asilimia 60, na familia inapiga makofi.

Sakafu ya chini ina fremu 10 za sh. milioni 1.5 kwa mwezi, jumla milioni 15. Ya pili ina stoo na maduka 10 ya sh. 800,000, jumla milioni 8. Sakafu tatu za juu zina nyumba 12 za kuishi za sh. 500,000, jumla milioni 6. Pango la jengo zima ni milioni 29. Familia yenye asilimia 60 ya sakafu imepata milioni 6, karibu asilimia 21 ya pato.

Huenda mgawo huo ni wa haki, maana mwekezaji ndiye aliyetoa fedha za ujenzi. Lakini familia ijue inachokubali. Ubia ugawanywe kwa pato na kwa miaka, si kwa kuhesabu sakafu. Mkataba useme mwekezaji atatumia sehemu yake kwa muda gani, nani atatengeneza paa na lifti, nani atalipa kodi ya ardhi, na jengo litarudi kwa familia katika hali gani. Kila sehemu ikipata hati yake kwa sheria ya mwaka 2008, chama cha wamiliki kisajiliwe na kukutana kweli. Chombo ambacho Kariakoo ya zamani ilikikosa sasa kipo kisheria.

HESABU YA TATU: KILEMBA

Mfanyabiashara anapewa fremu kwa kodi ya sh. milioni 1.5 kwa mwezi, lakini mpangaji anayeondoka anadai kilemba cha milioni 30. Akikaa miaka 5, kilemba kinagawanyika kwa miezi 60, yaani sh. 500,000 kwa mwezi. Kodi yake halisi ni milioni 2. Akitolewa baada ya miaka 2 kwa sababu nyumba imeuzwa au inavunjwa, kilemba kinagawanyika kwa miezi 24, yaani milioni 1.25 kwa mwezi. Kodi halisi imekuwa milioni 2.75.

Duka, bidhaa na wateja ni wale wale. Kilichobadilika ni historia ya kiwanja. Kilemba aghalabu hakina risiti, na mwenye nyumba ambaye hakukipokea hana sababu ya kukirudisha. Mfanyabiashara anayeulizia mauzo ya mtaa bila kuulizia kama nyumba iko kwenye mirathi amepima faida bila kupima muda wa kuipata.

USALAMA WA JENGO NI SEHEMU YA BEI

Julai 10, 2021, moto uliteketeza soko kuu. Novemba 16, 2024, jengo la ghorofa liliporomoka katikati ya Kariakoo na kuua watu zaidi ya 20, wengi wao wakiwa katika shughuli zao za kila siku za biashara. Serikali iliunda timu ya kukagua majengo ya eneo hilo.

Kwa mwekezaji mdogo, msiba huo ni onyo juu ya tabia ya eneo. Kiwanja kidogo chenye bei kubwa humshawishi mwenye nacho kuongeza sakafu juu na kuchimba stoo chini. Kila sakafu iliyoongezwa bila hesabu ya mhandisi ni pango lililochukuliwa kwa kukopa usalama wa waliomo. Mpangaji wa fremu hawezi kupima nondo, lakini anaweza kudai kuona kibali cha ujenzi kinachotaja idadi ya sakafu, kisha akazihesabu mwenyewe kutoka barabarani.

WALIOONDOKA WALIKWENDA WAPI

Kila chumba kilichogeuka fremu kilimwondoa mpangaji. Mji uliokuwa na watu 4,364,541 katika sensa ya 2012 ulifikisha 5,383,728 katika sensa ya 2022, na ongezeko hilo limebebwa zaidi na maeneo ya pembeni kuliko mitaa ya katikati. Familia za Kariakoo zilizouza au kugawana zilihamia Mbagala, Gongo la Mboto, Kimara na kwingineko, zikanunua viwanja na kujenga vyumba vya kupangisha kama walivyofanya bibi na babu zao.

Usafiri umeunganisha masoko hayo mawili. Mabasi yaendayo haraka yalianza kazi Mei 2016 kutoka Kimara hadi Kivukoni, na tawi lake likipita Msimbazi hadi Gerezani. Muuza duka anaweza kufanya kazi Kariakoo na kulala Kimara. Hivyo mwenye mtaji mdogo asiyeweza kiwanja cha Kariakoo hana sababu ya kukata tamaa. Vyumba vilivyo karibu na kituo cha basi pembeni ya mji vinapangwa na watu wanaopata fedha zao Kariakoo. Lakini huko nako nyumba nyingi ziko kwenye viwanja visivyopimwa, na makubaliano ni ya mdomo mbele ya mjumbe. Kisa cha Kariakoo kinaanza upya, na mwenye kupima kiwanja na kuandika wosia mapema ndiye atakayewaachia watoto mali badala ya kesi.

MAMBO YA KUULIZA KABLA YA KUTOA FEDHA

1. Hati ni ya nani, kitalu na namba gani, na imebakiza miaka mingapi? Upekuzi ufanywe kwa Msajili wa Hati, si kwa nakala ya dalali.

2. Kama mwenye jina amefariki, barua ya usimamizi wa mirathi iko wapi, na warithi wote wamesaini?

3. Kama ni nyumba ya ndoa, mume au mke ameridhia? Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inalinda nyumba hiyo isiuzwe na mmoja bila ridhaa ya mwenzake.

4. Kama ni mali ya msikiti, kanisa, klabu au chama, wadhamini waliosajiliwa ni akina nani, na katiba inawapa uwezo gani? Kama ni wakfu, isijadiliwe kuuzwa. Cha kujadiliwa ni pango tu.

5. Kibali cha ujenzi kinaruhusu sakafu ngapi, na mhandisi ni nani?

6. Kodi ya ardhi imelipwa hadi lini? Kodi ya majengo hukusanywa kupitia umeme wa Luku tangu 2021, lakini kodi ya ardhi, ushuru wa stempu na kodi ya ongezeko la mtaji vina taratibu zake.

7. Wapangaji waliomo wana mikataba gani, na wamelipa kodi ya miezi mingapi mbele? Fedha hiyo mwenye nyumba ameshaila, na mnunuzi ndiye atakayengoja.

8. Kama mbia si raia, haki yake inatokana na kifungu gani? Sheria ya Ardhi hairuhusu asiye raia kumiliki ardhi isipokuwa kwa uwekezaji ulioidhinishwa, na jina la raia lililokodiwa si kinga mahakamani.

Maswali haya manane humalizika kwa siku chache na gharama yake ni ndogo kuliko ada ya dalali. Muuzaji wa kweli atakuwa na majibu, au ataomba muda wa kuyatafuta. Anayesema mnunuzi mwingine yuko njiani na fedha mkononi aachwe amngoje mnunuzi huyo.